Aliyeingia Mlangoni Siku Ile

Mwanangu Saida,

Hali yako sikuulizi, maana nimekuona sasa hivi ukikatiza uani na viatu vyako vipya, unachechemea kidogo kwa sababu vinakubana na hutaki kusema. Umekwenda Buguruni kuwaaga rafiki zako. Mrisho yuko kibandani kwake anatengeneza cherehani za watu. Nimebaki mwenyewe hapa barazani na Kariakoo yote masikioni. Yule wa kipaza sauti bado anauza mashuka kwa "bei ya kufunga duka", duka ambalo halijafungwa tangu ulipokuwa darasa la tano.

Kesho unapanda treni kwenda kuripoti kambini, ukawe tabibu wa jeshi kama marehemu baba yako. Habari za soksi na dawa ya meno sitaziandika. Shangazi Mwajuma ameshakuhubiria vya kutosha. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, ulisome ukiwa njiani, na nimeshachana karatasi kadhaa, kwa sababu kila nikianza najikuta nacheka, halafu najikuta nalia, na sijui kinachonichekesha na kinachoniliza ni kimoja au ni viwili. Nivumilie. Mama yako ni bibi harusi ambaye mwezi wake wa kwanza haujaisha, na mtu wa namna hiyo akili zake haziko sawasawa.

Acha nimsifu mume wangu kidogo, kisha nitanyamaza. Asubuhi akitoka ananiachia asumini kwenye kikombe cha maji, mtu mwenye mikono ya grisi vile! Jana alinitumia ujumbe kutoka kibandani, mitaa miwili tu kutoka hapa, kuniuliza kama nimemkumbuka. Nikamjibu kwamba nimemsahau kabisa, aje nimtazame upya. Akaja! Akaacha cherehani ya mteja iko wazi tumbo. Na unakumbuka ile cherehani yangu ilivyokuwa ikiharibika kila mara? Juzi amekiri kwamba kuna skrubu moja alikuwa anailegeza makusudi ili nimwite tena. Mwizi yule. Nimewachelewesha watu na sare za watoto wao kwa ajili ya mapenzi ambayo hata sikujua kama yapo. Nilipaswa kukasirika. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ninajua kucheka kwangu kunakuumiza. Siku ya harusi nilikuona. Shangazi yako, Mzaramo kama baba yako, alikuwa amemwandama Mrisho kwa sababu Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara.

"Wewe Mnyamwezi," akamwambia mbele ya watu, "babu zako walibeba mizigo ya wenzao mpaka pwani wakarudi mikono mitupu. Leo na wewe umepata mzigo wako!"

"Na huu siutui, dada," Mrisho akajibu. "Nitaupeleka Tabora na kuurudisha, na njiani sipumziki."

Watu wakapiga vigelegele, nami nikajificha ndani ya mtandio kama msichana. Wewe ulisimama mlangoni na sinia ya halua, uso mkavu. Baadaye ukanifuata chumbani ukaniuliza, "Mama, ukicheka hivi na huyu, baba anakaa wapi?" Nikakuambia nenda kawape wageni kahawa.

Nilikuwa nimeamua uondoke hivyo hivyo na swali lako. Lakini Ijumaa, kwenye dua ya kukuaga, shehe akakuuliza kwa upole kwa nini binti mdogo achague kazi iliyomuua baba yake. Ukasimama. Sikuwahi kukusikia ukisema hadharani, na ulisema vizuri.

Ulisema: "Baba alirudi mara moja kutoka vitani. Nilikuwa na homa. Aliingia mlangoni na shati lake la mistari na begi lake la dawa. Akapita kwa watu wote akiwashika mkono kuwapima, watu wakawa wanacheka. Alipofika kwangu akaweka sikio kifuani, akasema, 'Huyu mzima. Huyu ataishi.' Akanibeba mpaka nikalala. Nilipoamka hakuwapo, na hakurudi tena. Kwa hiyo naenda kuwa kama yeye."

Wanawake walijifuta macho kwa ncha za khanga. Mrisho alikuwa amekaa karibu na nguzo akitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Shangazi Mwajuma akafungua mdomo: "Lakini Saida mwanangu, siku ile..."

"Wifi, chai yako inapoa," nikamkatiza.

"Nimeshakunywa."

"Basi ongeza nyingine."

Akanitazama, akaongeza. Shangazi yako kunyamaza, Saida! Kwa hilo tu ungejua kwamba pana jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Baba yako hakurudi kutoka vitani. Hakurudi hata mara moja. Aliyeingia mlangoni siku ile alikuwa Mrisho.

Ukitaka kuikunja karatasi hii kwanza na kutazama nje ya dirisha la treni, ikunje. Nitakusubiri.

Sasa nikusimulie kwa utaratibu, kadiri ninavyoweza. Baba yako alipelekwa na wenzake ng'ambo ya ziwa, nchi ya jirani, kulinda amani mahali ambapo amani yenyewe haikuwapo. Kikosi chao kilishambuliwa. Rafiki yake aliyekuja kutupa pole alituambia kwamba palikuwa na kijana amelala wazi, mguu umepasuka, na baba yako Bakari alitambaa mpaka kwake akamfunga bandeji vizuri, kama vile yuko zahanati na ana siku nzima. Yule kijana alipona. Bakari alisahau kuinamisha kichwa chake mwenyewe. Hayo unayajua, nimekuambia tangu ulipoanza kuuliza, na yote ni kweli.

Mwili ulikuja na bendera. Tukamzika. Wewe ulikuwa na homa, unaungua mikononi mwangu, wakakuweka kwa jirani ili usione. Siku ya tatu hali ikawa nafuu kidogo, nikakurudisha, nikakulaza kwenye mkeka pembeni yangu katikati ya wanawake. Na siku ya tatu ndipo watani walipoanza kazi yao.

Ukubwani umewaona watani msibani. Mtani huvaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake na kauli zake, akadai chakula, akawatukana ndugu, mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Wasio na mila hiyo hudhani ni kejeli. Siyo. Ni njia ya kumwambia mfiwa kwamba mbavu zake bado zinafanya kazi. Mrisho alikuwa mtani wa baba yako na rafiki yake. Walifahamiana siku sindano ya cherehani ya ngozi ilipomtoboa Mrisho kiganja, akakimbizwa hapa kwetu, baba yako akamshona. Mrisho alikuwa anaishi mtaa wa Gerezani, kwetu akija mara moja moja, wewe hukumzoea. Kimo chao kimoja. Mabega yao ndiyo hayo hayo.

Basi akaingia mlangoni. Shati la mistari la baba yako, lile alilopenda kuvaa akiwa likizo, na begi lake la dawa begani. Akatembea vile Bakari alivyotembea, vidole vya miguu nje kama bata. Akamshika Shangazi Mwajuma mkono, akatazama juu kama anahesabu mapigo, akatangaza, "Huyu alikufa tangu juzi. Kinachomkalisha hapa ni harufu ya pilau." Shangazi akampiga kofi la mgongo akicheka na machozi yakimtoka. Akaenda kwa mzee wa nyumba ya pili: "Huyu naye dawa yake ni kulipa madeni." Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Akafika kwetu. Hakujua kwamba wewe upo pale, Saida. Naapa hakujua. Ukainuka kwenye mkeka, macho mekundu ya homa, ukamkumbatia shingoni ukasema, "Baba umerudi."

Mtani aliyebobea angejua la kufanya, lakini hakuna mtani aliyebobea kwa jambo kama lile. Akaweka sikio kifuani pako, nadhani ili tu auinamishe uso wake watu wasimwone. Ndipo akasema yale maneno uliyoyabeba mpaka leo. Akakubeba akizunguka uani, mchana kutwa, mpaka ukalala begani kwake. Alipokulaza lile shati lilikuwa limelowa, kwa jasho lako na kwa machozi yake.

Na mimi? Hapa ndipo akili yangu inapovurugika, na imevurugika tangu siku ile. Alipoingia mlangoni, kufumba na kufumbua, mimi pia nilimwona mume wangu. Siyo kwamba nilimkumbuka. Nilimwona. Nilisimama kumpokea begi. Furaha niliyoipata katika dakika ile sijui niiite nini, na aibu iliyofuata sijui niiweke wapi. Nikamfuata nje nikamwambia, "Usikanyage tena hapa. Umenidanganyia mtoto." Hakujitetea kwa mila wala kwa utani. Alisema tu, "Nimekoma, shemeji." Na kweli hakukanyaga, miaka mingi, mpaka cherehani yangu ya zamani ilipogoma na watu wote wakanielekeza kwa fundi mmoja tu anayeijua.

Asubuhi yake uliamka homa imetoka. Ukaniuliza baba yuko wapi. Nikasema amerudi kazini. Nilidhani ni neno la siku moja, la kukutuliza mpaka upate nguvu. Kumbe maneno ya namna hiyo yana mizizi. Nilipokuja kukuambia kwamba amefariki, tayari ulikuwa na kitu chako, umekishika kwa mikono miwili, na sikuwa na moyo wa kukunyang'anya. Baadaye ukawa unakisimulia shuleni. Halafu nikagundua kwamba na mimi napenda kukisikia.

Ijumaa jioni, wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta Mrisho uani anasuuza vikombe. Nikamwambia nadhani nikuambie. Alisuuza kikombe kimoja muda mrefu sana.

"Usimwambie," akasema. "Mimi ninapungukiwa nini? Nimekaa ndani ya kichwa cha mtoto yule miaka yote, tena bila kulipa kodi."

"Lakini anakuchukia. Anasema baba yake ni mmoja tu, yule aliyeingia mlangoni."

"Basi ananichukia na kunipenda kwa mpigo. Wangapi wamepata bahati hiyo?"

Nikacheka, kama kawaida yangu. Kisha akaniambia jambo ambalo halikuwa mzaha. "Tunu, kuna siku atakuwa huko, na mtu atakuwa anavuja damu mbele yake, na atajiuliza baba yake angefanya nini. Sasa akimwiga Bakari, Dokta wetu, ni sawa. Lakini akiniiga mimi? Mimi ni fundi wa cherehani. Nilikuwa nachekesha watu."

Ndipo nikajua kwamba lazima niandike. Nilidhani siku zote ninakulindia baba. Kumbe nilikuficha baba, nikakupa mtani wake.

Swali lako la siku ya harusi limo humo humo, na nitalijibu kadiri nilivyofika. Nimejiuliza sana nampenda nani. Je, nilipompenda Mrisho nilikuwa namtafuta yule aliyeingia mlangoni? Kuna siku mwanzoni nilikuwa nikimsikia anakuja napenda kufumba macho kwanza. Sikumwambia. Lakini wiki iliyopita, tukiwa wawili tu, nilimwomba atembee kama Bakari, mara moja tu. Alisimama, akatanua vidole vya miguu, akapiga hatua, akasimama tena.

"Siwezi," akasema. "Nimesahau. Siku hizi natembea mwenyewe."

Nikalia, Saida. Na nilipokuwa nalia nikajikuta nafurahi kwamba hakuweza. Niambie wewe uliyesoma baiolojia, moyo mmoja unafanyaje mambo hayo mawili kwa pamoja? Ninampenda Mrisho. Ninampenda kwa asumini zake, kwa skrubu yake, kwa jinsi anavyokoroma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Na baba yako hajahama. Sijui anakaa wapi. Ulitaka nikuonyeshe mahali, na sina mahali pa kukuonyesha.

Ninachokiogopa ni hiki. Naogopa utaisoma barua hii, ushuke kituo cha kwanza, useme kumbe nilikuwa nakwenda kumfuata mtu ambaye hakuwapo. Ukishuka, rudi nyumbani, mlango ni wako, hakuna atakayekuuliza kitu. Lakini kama utaendelea, usiendelee mikono mitupu. Acha nikupe baba yako, wa kweli, hata kama ni mdogo kuliko yule uliyemzoea.

Baba yako hakuwa mchekeshaji. Hilo ndilo nililoona haya kukupa, nikaona heri yule mwingine. Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Watu wa mtaa walimwita Dokta, na akiwa likizo walimletea watoto wao, naye aliwatibu, kisha ananawa mikono bombani muda mrefu, anakaa kwenye kigoda, kimya. Wakati mwingine kimya chake kiliniudhi. Nilikuwa msichana wa mashairi mimi, nimemaliza kidato cha nne na kichwa kimejaa mapenzi. Nilitaka aniambie kwamba mimi ni mwezi, mimi ni nyota. Alikuwa akiniambia, "Umekula?" Nilikaa naye ndoa nzima nikisubiri aseme neno kubwa, na nadhani katika kusubiri kule nilipitwa na mengi aliyokuwa akiyasema. Ukipata mtu wa namna hiyo, iwe mume au mwenzako kazini au mgonjwa, msikilize hata anapokaa kimya. Mimi nimejifunza kwa kuchelewa.

Alipopata amri ya kuondoka niligomba. Nilimwambia ana mtoto mdogo, awaambie wakubwa zake. Akasema, "Huko kuna vijana wadogo, Tunu. Hawajui hata kufunga jeraha." Nikasusa, nikaingia ndani, nikakaa kitandani nikisubiri aje kunibembeleza. Hakuja. Nikachungulia dirishani kuona anafanya nini.

Ulikuwa mchana kama huu, uani hakuna mtu, wapangaji wote wamekwenda sokoni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekupakata. Alikuwa na mkasi mdogo uliopinda ncha, ule wa kukatia nyuzi za vidonda. Alikuwa anakukata kucha. Wewe ulikuwa unafurukuta unataka kwenda kucheza, naye alikuwa anangoja. Kila ukitulia anakata moja. Ukianza tena, anangoja tena. Hakukukaripia wala hakukuimbia. Akimaliza kidole anakipuliza, halafu anakitazama, halafu anashika kingine. Alifanya hivyo mikono yote miwili na miguu yote miwili. Ilichukua muda mrefu kuliko unavyoweza kufikiri, na gari la kumchukua lilikuwa njiani. Mwisho ulichoka kufurukuta ukamwachia miguu yako kama vile si yako, ukalala.

Akakusanya zile kucha kwenye kipande cha gazeti, moja moja, mpaka iliyorukia mbali, akazifukia pembeni ya ukuta kama bibi zetu walivyotufundisha. Hakugeuka dirishani. Hakujua kwamba namwona.

Hakuna mtani aliyeiigiza hiyo, kwa sababu hakuna aliyeiona isipokuwa mimi. Sikuwahi kumsimulia mtu, hata Mrisho. Niliona ni jambo dogo, halina maneno ndani yake. Sasa ni lako.

Mama yako,
Tunu